Meno ya Juu ya Mama Simone

Mama Simone hakuwa mtu wa kucheka mbele za watu. Si kwamba alikuwa na roho ngumu. Kwa miaka mingi alikuwa akiinua pembe ya kitambaa chake kufunika mdomo kila neno la kuchekesha liliposemwa, na mwishowe mkono ukachoka kupanda, akaona nafuu aache kucheka kabisa.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Laurentine. Aliishi Kamalondo katika nyumba ya matofali yenye vyumba viwili, pamoja na watoto wake, Simone akiwa wa kwanza, na mumewe Émile, karani katika ofisi moja ya mjini. Ilikuwa miaka ya hamsini inaanza, na mji bado uliitwa Élisabethville. Alfajiri Laurentine aliwasha mbabula, jiko lake la makaa, akakaanga mikate ya mafuta, akaenda kukaa sokoni mpaka beseni libaki na makombo. Akirudi, anakuta maji hayajachotwa, makaa yanakaribia kwisha, na mashati ya Émile yanangoja pasi. Majirani walipomsalimia na kumuuliza habari, alijibu, "Tuko tu," na kupita.

Kinywa chake kilikuwa na mapengo ya namna mbili. Chini, mbele kabisa, palikosekana meno mawili. Hayo aling'olewa alipokuwa msichana, kwao kaskazini upande wa Bukama, ambako mto Lualaba unatanuka na kugeuka maziwa na matete. Bibi yake mzaa mama ndiye aliyemng'oa, kama yeye mwenyewe alivyong'olewa zamani zake. Katika ukoo wao wakati ule, msichana aliyebaki na yale meno mawili alionekana kama mtu ambaye wazazi hawakumaliza kumlea. Laurentine aliyakumbuka maumivu, lakini alikumbuka zaidi asali aliyolambishwa baadaye, na mashangazi waliomfunga kitambaa kipya kiunoni.

Juu palikosekana manne, na kwa hayo hakuna aliyempigia vigelegele. La kwanza lilioza wakati wa mimba ya Simone. Mengine yakalifuata katika mimba zilizokuja, na la mwisho lilivunjika siku ya Noeli, watu wakiwa mezani. Mizizi ilibaki ndani ya ufizi. Kila baridi ya mwezi wa sita ilipoingia na upepo mkavu kuanza kupasua midomo, mizizi ile iliamka. Alikaa nayo hivyo, akisukutua maji ya chumvi, shavu moja limevimba, na sokoni alitaja bei ya mikate kwa vidole.

Émile alikuwa mtu wa Kasai, aliyesomeshwa na mapadri, mwenye Kifaransa kizuri na viatu vinavyong'aa. Hakuwa mwanamume mbaya. Hakumpiga mkewe, na mshahara aliuleta nyumbani. Lakini alikuwa ameingia katika cercle, chama cha makarani weusi waliokutana Jumapili kusoma magazeti na kujadiliana, na wenzake pale walikuwa na wake vijana waliosoma kwa masista. Mwaka ule Simone alikuwa anajiandaa kwa komunyo ya kwanza. Mkuu wa ofisi ya Émile alikuwa ameahidi kwamba siku hiyo angekuja na mke wake kunywa chai nyumbani kwao. Tangu ahadi hiyo, Émile alianza kumtazama mkewe akila.

Jioni moja alirudi na habari.

"Mama Simone, nilisema na docta wa meno wa mu ville. Anakubali kukupokea."

"Docta wa bazungu?"

"Njo yeye. Chef aliniombea. Utapita ku mulango wa nyuma, wakati bagonjwa bake banaisha kuenda."

"Na atanifanya nini?"

"Atakutilia meno ya mupya. Bantu habatakucheka tena."

"Nani ananicheka?"

Émile alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba jibu lilikuwa humo, kisha akaitundika ukutani. Laurentine hakumsukuma zaidi. Shavu lilikuwa linampwita. Alikubali, na ni mizizi iliyomkubalisha. Kama yule mzungu angeweza kuitoa, basi mengine yangejulikana mbele.

Daktari alikuwa Mbelgiji mzee, mrefu, mwenye mgongo ulioinama na kikohozi kisichokwisha. Alifanya kazi na msaidizi mmoja mweusi aliyeitwa Faustin, mtu wa kaskazini kama Laurentine, ambaye alichemsha vyuma, akakoroga plasta, na kutafsiri. Siku ya kwanza waling'oa mizizi yote. Sindano ilimlegeza mdomo mpaka puani, lakini sauti ya mfupa ukiachia aliisikia kichwani mwake kama mtu anayevunja kuni chumba cha pili. Alirudi kwa miguu, kitambaa kimejaa damu mdomoni, na alipofika nyumbani akakuta unga umekwisha, akatoka tena kwenda kuutafuta.

Ilibidi kungoja ufizi upone. Ulichukua msimu mzima wa mvua. Mdomo wa juu ukamwingia ndani, uso ukazeeka, na chakula chake kikawa uji. Jirani yake Delphine, mwanamke mnene asiyejua kunong'ona, alipita kila siku kumtazama.

"Yaya, unarudia mutoto muchanga," alisema, akimwita kama dada yake mkubwa. "Inabakia tu tukubebe mu mugongo."

"Nibebe basi. Miguu inachoka."

Delphine akacheka kwa niaba ya wote wawili, akamwachia kikombe cha uji wa muhogo aliouchuja mwenyewe, akamchukulia na ndoo ya maji.

Ufizi ulipokauka, daktari alimpakia plasta mdomoni kwa kijiko kipana cha chuma ili apate sura ya kaakaa lake. Plasta ikapata moto, ikateremka kooni, Laurentine akadhani atakufa katika kile kiti chenye ngozi nyeusi. "Pumua na pua, mama," Faustin alimwambia akimshika kichwa. "Pua tu. Tazama dirisha." Alitazama dirisha. Nje mtumishi alikuwa anamwagilia maua ya bibi mzungu, polepole, bila haraka yoyote, naye akamwonea wivu.

Aliporudi kupimwa, meno yalikuwa yamepangwa juu ya nta. Daktari aliyajaribu, akarudi nyuma kutazama, akakohoa. Kisha akaugusa mdomo wa chini kwa kidole, akasema maneno mengi ya Kifaransa.

"Mama," Faustin akasema, "docta anasema atatengeneza na ile mbili ya chini, ikuwe kazi moja. Bwana yako njo aliombaka vile."

"Ya chini, apana."

Faustin akatafsiri. Daktari akainua nyusi, akajibu.

"Anasema haitauma. Ni kushikisha tu na kachuma kadogo."

"Sisemi juu ya kuuma." Laurentine alikuwa amechoka kufungua kinywa, na maneno yalimtoka mazito na ya hewa. "Ile ya yulu iliangukaka na magonjwa. Ya chini haikuanguka. Pale kambo yangu alinitengenezaka."

Faustin hakuhitaji kuambiwa kwamba kambo ni bibi. Mama yake mwenyewe alikuwa na pengo kama lile. Laurentine alikuja kulijua hilo baadaye. Akamgeukia daktari, akasema maneno mawili tu ya Kifaransa, kwamba Madame anakataa. Daktari akainua mabega, akaenda kunawa mikono. Ilikuwa jioni, naye pia alitaka kwenda nyumbani.

Meno yalipokuwa tayari, Laurentine aliyavaa, akasogezewa kioo. Yalikuwa meupe, yamelingana kama punje za mahindi mabichi. Lakini yalishikwa na ufizi wa rangi ya waridi, ule wa Wazungu, kwa sababu daktari hakuwa na mwingine. Ufizi wake yeye ulikuwa mweusi kama wa mama yake. Akiinua mdomo kidogo tu, rangi ile ilijitokeza kama nyama ya mtu mwingine. Akajifunza palepale kutouinua sana.

Émile alikuwa anamngoja mlangoni kwao. Alipoyaona yale ya juu, uso ulimchangamka kama siku alipopandishwa cheo. Kisha Laurentine akamsalimia, na pengo la chini likaonekana.

"Na hii?"

"Nilikatala."

"Ulikatala? Nilienda kuomba chef kama masikini, weye unakatala? Madame yake akiona ile, atasema Émile alioa mushenzi!"

"Na weye unasema nini?"

Émile alichukua kofia yake akaenda kwenye cercle, na chakula alichoandaliwa kikapoa juu ya meza. Laurentine akaketi kwenye kizingiti. Kaakaa lilimuuma, na alikuwa na mashati ya kupiga pasi.

Wiki zilizofuata alijifunza upya mambo ambayo mtoto huyajua. Kipande kile kilifunika kaakaa lote, hata joto la bukari, ugali wao wa kila siku, hakulisikia tena mpaka limefika kooni. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikakosa ladha. Hakujua tena kama chumvi imetosha, ikabidi Delphine amwonjee. Kila alipomwita mwanawe, jina lilitoka na mluzi, "Shimone", na wadogo wakamwiga mpaka aliwafukuza kwa mwiko. Vidonda vikatoka, akarudi kwa daktari, Faustin akaparua pembe moja kwa tupa ndogo, akajaribu tena, akaparua tena.

Lakini siku moja Delphine alimletea karanga za kukaanga, akamwachia mkononi. Laurentine akazunguka nyuma ya nyumba, akatia moja mdomoni, akauma. Ikavunjika. Akatia nyingine. Alisimama pale akitafuna hadi mkono ukawa mtupu, na machozi yalikuwa yanamtoka. Hakujua kama ni furaha au ni uchovu tu uliopata nafasi. Tangu Simone azaliwe hakuwahi kusikia mlio ule ndani ya kichwa chake mwenyewe. Usingizi wake pia ukawa mzuri, maana tumbo halikuhangaika tena na vipande visivyotafunwa. Hayo nayo ni lazima yasemwe.

Siku ya komunyo, Simone alivaa nguo nyeupe iliyoshonwa na fundi wa barabara ya pili, na kanisani Laurentine aliimba kwa sauti ya chini. Mchana mkuu wa ofisi akaja na mke wake. Émile alikuwa ameomba viti kwa majirani. Asubuhi ile alimwambia mkewe, bila ukali, karibu kama anayebembeleza, "Usiseme mingi. Cheka kidogo tu."

Madame alikuwa kijana, mpole, mwenye glavu. Alimsifu Simone, akanywa chai, akajaribu Kiswahili chake cha jikoni. Laurentine alimjibu, na Madame akamtazama mdomo muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa. Kisha akamgeukia Émile, akauliza kwa Kifaransa. Émile akajibu haraka, akitabasamu. Laurentine hakujua Kifaransa kingi, lakini neno la kuanguka alilijua, na neno la mtoto alilijua. Mumewe alikuwa anasema kwamba alianguka alipokuwa mdogo. Madame akafanya sauti ya huruma, akamgusa mkono.

Laurentine akamwongezea chai. Angeweza kusema. Maneno alikuwa nayo, kwa Kiswahili kile kile ambacho Madame alikuwa anajaribu. Lakini mbele yake palikuwa na Simone katika nguo nyeupe, viti vya watu, na mume mwenye jasho juu ya mdomo, na nguvu ya kuanza jambo hakuiona mahali popote mwilini mwake.

Wageni walipoondoka, alikusanya vikombe.

"Uliambia Madame kama nilianguka."

"Ningesema nini, Mama Simone? Ningesema nini?"

"Sijui. Minachoka, Baba Simone."

Akayatoa meno, akayaweka katika kikombe cha maji, akaendelea kuosha vyombo.

Toka siku ile aliyavaa sokoni na kanisani, na alipokula akiwa peke yake. Émile akifika nyumbani, hayamo mdomoni. Hakumweleza kwa nini, naye hakuuliza. Walizungumza habari za watoto, za makaa, za bomba linalokatika maji. Watu wengi huishi hivyo kwa miaka na majirani hawajui, isipokuwa Delphine, ambaye alijua na kwa mara ya kwanza akanyamaza.

Halafu akaja Jeannot, mtoto wa kaka yake Laurentine, aliyefanya kazi kwenye treni za kaskazini. Alimkuta shangazi yake sokoni, akasimama mbele ya beseni bila kununua kitu. Laurentine akaelewa kabla hajafungua mdomo.

"Ni mama?"

"Ni kambo, ndiyo. Mama yako Mumba anatuacha."

Laurentine alisafiri na mtoto wake wa mwisho kwa treni ya Jeannot. Émile hakupewa ruhusa kazini, lakini alimsindikiza stesheni, akampandishia mzigo, akabaki kwenye jukwaa akiwa ameshika kofia.

Alipofika kijijini, mama yake alikuwa tayari amezikwa. Wanawake walikuwa wameketi chini, nywele zimefunguliwa. Laurentine alifungua kinywa kulia kama mtoto anavyomlilia mzazi, na kipande kile kikateleza, kikamzibia sauti. Alijaribu mara ya pili, ikatoka sauti ya mtu anayekabwa. Akayatoa meno mbele ya wote, akayafunga katika pembe ya kitambaa chake kiunoni, akalia. Alimlilia mama yake. Alizililia pia safari zote ambazo hakuja kumsalimia kwa sababu ya mikate na mashati, na alilia mpaka sauti ikaisha yenyewe.

Baadaye shangazi yake mzee, dada ya marehemu, aliomba kuona kile kitu alichokificha. Akakigeuza mkononi, akakinusa.

"Huyo mzungu amesahau ya chini," alisema kwa Kiluba.

"Hakusahau, mama. Nilimkataza."

Mzee alimtazama usoni, mdomo wake mwenyewe ukiwa wazi, pengo lile lile mbele. Alimrudishia meno, na usiku wote wa matanga alilala amemwekea mkono mgongoni.

Walilala chini siku zote za kilio, juu ya mikeka, watu wakigeukiana na kukanyagana. Laurentine hakuyavaa tena meno. Ndani ya treni ya kurudi, mtoto alipoomba karanga, akafungua pembe ya kitambaa ili atafune naye, akakuta kipande kimepasuka katikati. Zilikuwa nusu mbili, kila moja na meno yake mawili. Alizishika pamoja, zikaungana vizuri kabisa, lakini alipoziachia zikaachana. Akazifunga tena. Nje kulikuwa na miti na miti, na mtoto akalala mapajani mwake bila karanga.

Treni ilichelewa sana. Émile alikuwa bado yuko jukwaani, viatu vimejaa vumbi, maana alikuwa ametembea huku na huku kwa kungoja. Alichukua mzigo, akambeba mtoto pia. Wakaanza kutembea.

"Meno inapasuka," Laurentine akasema.

"Tutarudia kwa docta."

Walipokaribia soko, Émile akasema, akitazama mbele, "Siku ile ya Madame, nilisema mubaya."

"Ni siku mingi."

"Hata kama."

Alipohamisha mtoto begani, Laurentine alimsaidia kumwekea kichwa vizuri.

Kwa daktari walikuta mlango wa nyuma umefungwa na madirisha yamepigiliwa mbao. Mtumishi wa jirani aliwaambia mzee alirudi Ulaya kwa ajili ya kifua chake, na Faustin alikwenda kutafuta kazi Jadotville. Émile aliuliza kwa daktari mwingine wa meno aliyekuwa karibu na posta, akaambiwa pale hawapokei weusi. Hospitali walijua kung'oa, lakini kutia hapakuwa na wa kutia. Laurentine alizifunga zile nusu mbili katika kitambaa cheupe, akaziweka chini ya nguo sandukuni. Karanga alizikosa, na alisema waziwazi kwamba anazikosa. Alimwambia Delphine kwamba bukari sasa ina joto tena, lakini kwamba, kama angeulizwa achague, hajui angechagua nini.

Jumapili moja kulikuwa na nyama ya ng'ombe. Aliwapakulia wote, akajiwekea mchuzi. Émile akaivuta sahani ya mkewe, akatia vipande kutoka katika sahani yake, akachukua kisu na kuanza kuvikata. Alivikata vidogo, kisha akavikata tena, uso umeinama kama alivyokuwa akiinama juu ya karatasi za ofisi. Watoto walimtazama wakaacha kula. Alipomaliza, akairudisha sahani mbele ya mkewe, akaendelea na chakula chake.

Laurentine akala. Nje Delphine alikuwa anapiga kelele kwamba maji yamerudi kwenye bomba, waje haraka kabla hayajakatwa. Laurentine akaitika kwamba anakuja, lakini hakusimama mpaka sahani ikaisha.